Inchi za Simu Hupimwa Wapi?

Mama mmoja aliyekuja afisini kuulizia fomu za basari alituwekea simu mbili mezani. Ya zamani ni ya inchi 5.5. Mpya, ambayo bado anailipia kidogo kidogo, imeandikwa inchi 6.5 kwenye boksi. Aliinunua kwa sababu ya macho. "Mbona maandishi hayajakuwa makubwa?" akauliza.

Tulichukua rula. Inchi zinazotajwa kwenye matangazo si upana wa kioo, wala si urefu wake. Ni mshazari, yaani mstari unaotoka pembe ya juu upande mmoja hadi pembe ya chini upande wa pili. Mazoea haya yalirithiwa kutoka kwa runinga: vioo vya awali vilikuwa vya mviringo na vilipimwa kwa kipenyo. Vilipoundwa vya pembe nne, vikaanza kupimwa pembe hadi pembe.

Simu yake ya zamani ina kioo cha uwiano wa 16 kwa 9. Urefu wake ni kama milimita 122, upana 68 na nusu. Mpya ni ya 20 kwa 9: urefu unakaribia milimita 151, lakini upana haufiki hata 68. Inchi nzima aliyoongezewa ilienda kwenye urefu. Ataona mistari mingi zaidi ya ujumbe kwa wakati mmoja, ila kila mstari una nafasi ileile, au pungufu kidogo.

Kuna jingine. Simu nyingi za sasa zina pembe zilizokatwa mviringo, na kampuni hupima kana kwamba pembe hizo ni kamili. Apple, kwa mfano, hueleza hivyo kwa maandishi madogo na kukiri kwamba eneo linaloonekana ni dogo kuliko kipimo. Tundu la kamera nalo huhesabiwa kuwa sehemu ya kioo.

Kwa hivyo dukani uliza upana, au nenda na rula. Muuzaji akinuna, mkumbushe kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu bidhaa anayolipia. Ukubwa wa herufi wenyewe hubadilishwa kwenye mipangilio ya simu, bila malipo, hata katika simu ya zamani.

Mama yule tulimkuzia maandishi palepale. Malipo yake yamebaki ya miezi 7.