Kusimamia Hatari katika Utafiti Unaogharimiwa na Serikali: Funzo la Chanjo za UVIKO-19

Serikali inapogharimia utafiti wa dawa au chanjo, hulipia kitu ambacho bado hakipo. Matokeo yanaweza kuchelewa au kukosekana kabisa, na anayeathirika ni mgonjwa anayesubiri. Makala haya yanaeleza namna ya kusimamia hatari hiyo kwa kutumia mfano wa Operation Warp Speed, mpango uliotangazwa na serikali ya Marekani mwezi Mei 2020.

Hatari ya kisayansi

Mwanzoni hakuna aliyejua ni chanjo ipi ingefaulu. Wasimamizi waliteua teknolojia tatu na, katika kila moja, chanjo mbili: za mRNA (Moderna na Pfizer), za virusi vibebaji (AstraZeneca na Janssen) na za protini (Novavax, pamoja na ile ya Sanofi na GSK). Desemba 2020 zile za mRNA zilipata idhini ya matumizi ya dharura. Mwezi huohuo, Sanofi na GSK walitangaza kuchelewa kwa sababu chanjo yao iliamsha kinga hafifu kwa wazee. Mpango haukukwama, kwa kuwa haukutegemea chanjo moja.

Hatari ya uzalishaji

Kwa kawaida, kiwanda husubiri matokeo ya majaribio. Safari hii dozi zilitengenezwa majaribio yakiendelea. Chanjo ikishindwa, dozi zingetupwa. Kilichohatarishwa hapo kilikuwa fedha, si usalama wa watu. Majaribio makubwa ya Moderna na Pfizer yalihusisha makumi ya maelfu ya washiriki, na mamlaka ya dawa ilitaka angalau nusu yao wawe wamefuatiliwa kwa miezi 2 baada ya dozi ya mwisho. Mgonjwa akikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, aelezwe kuwa muda uliokolewa kwa kufanya kwa pamoja kazi ambazo kwa kawaida hufuatana.

Hata hivyo, hatari nyingine ilijitokeza. Katika kiwanda kimoja mjini Baltimore, kilichotengeneza malighafi ya chanjo mbili tofauti, uchafuzi uliogunduliwa mwanzoni mwa 2021 uliharibu malighafi ya mamilioni ya dozi za Janssen.

Hatari ya ufikishaji

Lengo lilikuwa kuwachanja watu milioni 20 kabla ya mwaka 2020 kwisha. Waliochanjwa hawakufika hata milioni 4. Sayansi ilikuwa imefaulu na dozi zilikuwa zimeanza kusambazwa, lakini watumishi, orodha za walengwa na vituo vya kuchanjia havikuwa vimeandaliwa kwa kasi ileile. Chanjo ya Pfizer, iliyohitaji baridi ya takriban nyuzi 70 chini ya sifuri, iliongeza ugumu.

Tanzania ilipopokea kutoka Marekani zaidi ya dozi milioni 1 za Janssen kupitia COVAX, Julai 2021, chanjo hiyo iliweza kutunzwa vituoni katika nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo nyingi za watoto. Jokofu halikuwa kikwazo kikuu. Kazi kubwa ilikuwa kujibu maswali ya wananchi, na kazi hiyo ilimwangukia mtoa huduma.

Maswali ya kuuliza

Kituo chako kinapoalikwa kushiriki mradi wa utafiti, uliza:

1. Njia ya kwanza ikishindwa, ipo njia ya pili?
2. Ni katika hatua gani mradi utapimwa, na nani ana mamlaka ya kuusitisha?
3. Hasara ikitokea, nani ataibeba? Mshiriki wa utafiti asiwe miongoni mwao.
4. Nani atakayetoa huduma hiyo, kwa vifaa gani na mafunzo gani?

Mgonjwa anayeombwa kushiriki naye ana haki ya kuuliza swali la tatu kabla ya kutia sahihi. Swali la nne ndilo husahauliwa zaidi, nalo liulizwe bajeti ingali inaandikwa. Chanjo iliyobaki kwenye jokofu haijamkinga mtu yeyote.