Ibra ya Mwaka 1979: Fitina Ndani ya Haram



Tarekhe haisomwi kwa kupitisha wakati barazani. Husomwa ili mwenye akili apate ibra katika yaliyowapata wenziwe kabla hayajampata yeye.

Mwaka 1979 ulikuwa mwaka mzito kwa Waislamu. Mwezi wa Februari ufalme wa Shah ulianguka huko Irani. Tarehe 26 Machi, Sadat wa Misri alitia sahihi mapatano na Israeli mjini Washington, na Waarabu wengi wakamtenga. Karibu na kwetu, tarehe 11 Aprili majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliuteka mji wa Kampala, na Idi Amin akakimbia. Mwisho wa Disemba majeshi ya Kirusi yaliingia Afghanistan, wala hayakutoka hatta mwaka 1989. Kila moja katika mambo haya lina mazungumzo yake marefu. Leo twataka kusimama juu ya jambo moja tu, lililotokea mahali paelekewapo na kila mwenye kusali.

Tarehe 20 Novemba ya mwaka huo iliwafikiana na mwezi mosi Muharram 1400, siku ya kwanza ya mwaka mpya wa hijra. Baada ya sala ya alfajiri katika Msikiti wa Makka, watu mia kadhaa walitoa bunduki walizokuwa wameziingiza kwa siri, wakafunga milango. Kiongozi wao alikuwa Juhayman al-Utaybi, aliyepata kuwa askari wa jeshi la ulinzi wa taifa la Saudia. Alimsimamisha shemeji yake, Muhammad bin Abdullah al-Qahtani, akasema kuwa huyu ndiye Mahdi aliyengojewa, na watu wampe baia hapo mbele ya Al-Kaaba.

Serikali iliwauliza maulamaa, Sheikh Abdulaziz bin Baz akiwa miongoni mwao, nao wakatoa fatwa ya kuruhusu nguvu kutumika ndani ya Haram. Vita vikaendelea kwa majuma mawili mahali ambapo hatta ndege haruhusiwi kuwindwa. Askari 127 walikufa kwa hesabu ya serikali, mbali na raia na wale waasi wenyewe. Huyo aliyeitwa Mahdi aliuawa kabla ya vita kwisha. Juhayman alikamatwa, na tarehe 9 Januari 1980 akauawa pamoja na wenziwe 62.

Katika tukio hili tuna mafunzo matatu.

La kwanza, ndoto si dalili. Watu wale walitegemea kwamba wengi wao walimwona mtu huyo usingizini kuwa ni Mahdi, na kwamba jina lake na la babake yalilingana na yaliyopokewa katika hadithi. Lakini ndoto ya asiyekuwa Mtume haihalalishi haramu, wala haimwagi damu ya Muislamu. Na majina hayo mawili ni ya maelfu ya watu. Lau jina lingetosha, kila mtaa wetu ungekuwa na Mahdi wake.

La pili, na hili latuhusu zaidi sisi wenye darasa hizi. Juhayman hakuanza kwa bunduki. Alianza kwa kuwaita watu warejee kwenye Kurani na Sunna, na kwa kukemea israfu ya wakubwa. Maneno hayo sisi pia twayasema, wala hatutaacha kuyasema. Basi tujiulize: ni wapi alipopotea? Alipotea pale alipojiona kuwa yeye na wenziwe peke yao ndio wenye haki, akawadharau maulamaa waliomtangulia, akaona ubaya wa watawala wamhalalishia kila njia. Makosa ya mtawala hayageuzi dhambi kuwa ibada. Mwenye kutaka kuondoa munkari kwa munkari mkubwa zaidi hakuondoa kitu, ameongeza.

La tatu, ni khabari isiyothibitishwa. Siku ya pili yake, tarehe 21 Novemba, ilienea Pakistani khabari kuwa Wamarekani ndio walioushambulia Msikiti wa Makka. Ilikuwa uwongo. Lakini kabla ya mtu kuuliza, umati uliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Islamabad na kuutia moto. Miongoni mwa waliokufa humo ni Wapakistani wawili waliokuwa wakifanya kazi hapo kwa riziki yao. Ghadhabu ya watu kwa ajili ya Haram ilikuwa na asili njema, lakini ilimwangukia asiyekuwa na kosa. Na sote twasoma katika Sura ya Al-Hujurat amri ya kuchunguza khabari, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Zama zile khabari ilienea kwa redio na midomo ya watu. Leo yaenea kwa simu iliyo mfukoni mwa kila kijana wetu, na mwenye kuisambaza hamjui aliyeianzisha. Vijana wa pwani hii wamepata kuitwa na watu wasiojulikana elimu yao wala walimu wao, na kuna akina mama ambao hatta leo wangoja mlangoni mtoto asiyerejea.

Basi yatupasa tufanye haya: tumuulize kila mlinganiaji dalili yake na mwalimu wake, tusipeleke khabari mbele kabla ya kuithibitisha, na vijana wetu tuwape nafasi ya kuuliza darasani bila ya kukemewa, kwani aliyenyimwa jawabu msikitini ataitafuta gizani.

Wako waliongoja kuwa karne mpya ingeleta mwenye kuihuisha dini. Dini huhuishwa kwa elimu, kwa subira na kwa tabia njema, na kazi hiyo haingoji karne kuanza.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote, ailinde nyumba yake tukufu, na awarejeshe watoto wetu waliopotea. Amin.