Edita Ikuonyeshe Kosa Kabla Malipo Hayajakwama

Je, unajiandikia programu ya kupokea malipo dukani? Herufi moja tu ikikosewa, malipo yanaweza kukwama mteja akiwa kaunta. Hapo ndipo seva ya lugha inasaidia: inasoma msimbo ukiendelea kuandika na kuipa edita majibu. Utaratibu wa mawasiliano yao, LSP, ulitangazwa na Microsoft na wenzake mwaka 2016.

Tujaribu kwenye Visual Studio Code yenye kiendelezi cha Python. Fungua faili, ihifadhi kama malipo.py, kisha:

1. Andika kiasi = 500, na chini yake print(kiasii). Mstari wa mawimbi utatokea: jina hilo halijulikani.
2. Rekebisha, kisha weka kipanya juu ya kiasi. Utaona int, yaani namba kamili.
3. Bonyeza F12 pale lilipotumika uone lilikoanzia. F2 inalibadilisha kila mahali kwa mpigo.

Lakini chunga: ukiandika 5000 badala ya 500, edita itanyamaza tu. Hesabu ni jukumu lako. Anza na mazingira ya majaribio, na PIN yako usiiandike kwenye faili yoyote.