Mwenye Kuanguka Kifafa: Yatupasayo Kumtendea

Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba kifafa ni maradhi ya ubongo. Hakiambukizi kwa povu wala kwa kugusana. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, bibi mmoja alimshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba huanguka na nguo zikamfunuka. Akahiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa afya. Akahiari kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke, akaombewa. Basi sitara ni haki ya mgonjwa.

Akianguka mtu safuni, aliye karibu naye na aikate sala. Kwani kumwokoa aliye hatarini ni wajibu. Kisha tendeni haya:

Kwanza, ondoeni vitu vigumu na moto. Mtieni kitu laini chini ya kichwa, mlegezeeni nguo shingoni, na mumsitiri.

Pili, msimzuie kwa nguvu, wala msimtie kijiko wala kidole kinywani. Ulimi hawezi kuumeza. Meno ndiyo yatakayovunjika.

Tatu, tazameni saa. Akitulia, mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke, asipaliwe. Msimpe maji wala dawa ya kumeza mpaka fahamu zimrejee kamili.

Nne, zikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla hajazindukana, au ameumia, au ameangukia majini, au ni mara yake ya kwanza, mpelekeni hospitali upesi.

Akizindukana, ketini naye, msimcheke wala msimkimbie. Mwombeeni dua, na dawa ya tabibu asiiache.

Wabillahi taufiki.