Mzee Anapobadilika Ghafla
Kijitabu cha familia inayomlea mtu aliyevuka miaka 80

Juzi bibi alichambua mchele na kuwaita wajukuu kila mmoja kwa jina lake. Leo anawaita kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufariki, na chai hajaigusa. Nyumbani watu husema, "Uzee huo." Uzee hauingii kwa siku mbili. Badiliko la ghafla namna hii ni dharura, mpelekeni hospitali leo.

Mwili wa mtu mzima sana hautoi dalili tulizozoea. Nimonia huweza kumpata bila homa wala kikohozi cha kutisha. Moyo huweza kukosa damu pasipo kifua kuuma. Mtaona tu pumzi inakata, anatapika, au hana nguvu hata ya kuketi. Wakati mwingine dalili pekee ni kwamba ameanza kuangukaanguka au amekataa chakula.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla si sawa na ugonjwa wa kusahau, ambao huja taratibu kwa miezi na miaka. Huku huja kwa saa au siku, tena hupanda na kushuka: asubuhi anaelewa, jioni hajui yuko wapi. Wengine hupiga kelele na kutaka kutoka nje. Walio wengi huwa kimya na kusinzia mchana kutwa, na hao ndio husahaulika, maana hawasumbui mtu. Chanzo huweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji, choo kigumu cha siku nyingi, au mkojo kuziba, hasa kwa babu mwenye tezi dume. Huweza pia kuwa dawa.

Dawa zinastahili kuangaliwa kwa makini. Mzee anayemeza vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, kisha akakosa kula, sukari yake huweza kushuka hadi akaonekana kama aliyepata kiharusi. Ikiwa yu macho na anameza vizuri, mpeni maji yenye sukari, kisha mpelekeni hospitali hata akizinduka, kwa kuwa kidonge hicho hufanya kazi saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, hata uji. Diklofenaki ya maumivu ya magoti, ile inayonunuliwa dukani bila cheti, hudhuru figo na kutoboa tumbo. Choo cheusi kama lami ni damu. Piritoni, diazepamu na amitriptilini huweza kumvuruga akili mtu wa umri huu. Wekeni dawa zote kwenye mfuko mmoja na kwenda nazo, pamoja na za miti shamba. Msione haya kuzitaja, daktari anataka kujua kilichomo mwilini.

Akianguka, tazameni miguu. Mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Asisimamishwe, wala asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Tafuteni gari atakalolala chali. Aliyegonga kichwa naye asipuuzwe, kwani damu huweza kujikusanya polepole ndani ya fuvu, na wiki kadhaa baadaye akaanza kuyumba au kusinzia. Anayetumia warfarini aende siku hiyohiyo, hata akisema hajambo.

Nani aende naye? Mara nyingi hutumwa kijana mwenye nguvu, au anasubiriwa mtoto mwenye fedha kutoka mjini. Kwa maoni yetu aende anayelala naye nyumba moja, anayemwogesha na kumlisha, awe mjukuu au dada wa kazi. Mwenye pesa anaweza kuituma kwa simu. Mwenye habari hana budi kuwapo. Daktari wa zamu hamjui mzee huyu, na akimkuta hasemi wala hatembei anaweza kudhani ndiyo hali yake ya siku zote. Mwambieni: "Wiki iliyopita alikuwa anakwenda chooni mwenyewe na kula mwenyewe." Kama uso umepinda au mkono umelegea, tajeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu.

Tangu idara ya tiba ya dharura ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2010, hospitali nyingine za rufaa nchini Tanzania nazo zimepata vitengo hivi. Humo mgonjwa huonwa kwa uzito wa hali yake, si kwa foleni. Mkiona anabadilika mkiwa mnasubiri, mwiteni muuguzi. Kuhusu gharama, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha katika vituo vya serikali. Muulizeni afisa ustawi wa jamii.

Kukaa muda mrefu kwenye machela si jambo dogo. Utafiti uliofanywa Ufaransa mwishoni mwa 2022 katika vitengo 97 vya dharura ulifuatilia wagonjwa wa miaka 75 na zaidi. Waliolala usiku kucha kitengoni wakingoja kitanda, asilimia 15.7 walifia hospitalini. Waliopata kitanda wodini kabla ya usiku wa manane, asilimia 11.1. Kwa hiyo ulizeni mapema kuhusu kitanda. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili ngozi isichubuke, isipokuwa mkikatazwa kwa sababu ya mfupa. Mpeni miwani yake na meno yake. Mwambieni yuko wapi na ninyi ni nani, bila kubishana naye. Akiwekewa mpira wa mkojo, ulizeni kila siku kama bado unahitajika, maana huleta maambukizi.

Kuna swali familia hulikwepa: matibabu yafike wapi? Umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu tiba, wala si kila mashine itamsaidia. Mzee akiwa anaelewa, aulizwe yeye kwanza. Kumficha ugonjwa wake na kuamua kwenye kikao cha ndugu koridoni si heshima.

Usiku huu andikeni kwenye karatasi moja magonjwa yake, dawa zake, na namba ya simu ya anayemlea. Ikunjeni ndani ya kadi yake ya kliniki, na kila aliyemo nyumbani ajue ilipo.