Somo: Maana ya maneno «kutokana na»

Wapenzi wakatekumeni, katika mafundisho mnasikia mara nyingi kwamba mauti ilitokana na dhambi, na kwamba uzima mpya hutokana na Ubatizo. Maana yake nini? Ni kusema kwamba jambo la pili lina mzizi wake katika lile la kwanza, kama vile muhindi utokavyo katika punje. Ukiiondoa punje, hakuna muhindi.

Lugha za Ulaya zina neno la sifa kwa maana hiyo, lililotoka katika Kilatini, consequens, yaani «lenye kufuata». Kiswahili hutumia kitendo: njaa iliyotokana na ukame, deni lililotokana na ugonjwa. Kwa maoni yangu Kiswahili kimeona vema zaidi, maana kufuata si kutoka. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Lakini nani atasema kwamba jua limetoka kwa jogoo? Hapo twasema «baada ya» tu.

Kuchanganya mambo hayo mawili ni kosa la zamani. Katika Injili ya Yoane, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yezu akakataa yote mawili. Tena katika Luka, sura ya 13, mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa. Yezu akakana kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yeruzalemu. Aliwaita wote watubu, lakini hakumpa mtu ruhusa ya kuwahukumu wafu.

Sisi wa Kolwezi tunayo Siloamu yetu. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika machimbo ya KOV, wakafa wachimbaji wapatao 40. Vifo vile vilitokana na udongo ule. Mtu akiuliza kwa nini mababa hushuka mashimoni kutafuta chakula cha watoto, auliza kwa haki. Lakini baada ya msiba kuna wengine wanaouliza: nyumbani mle mlikuwa na mtoto gani? Humtafuta yatima, au yule anayeota ndoto mbaya, wakamwita mchawi. Kweli, baba alikufa baada ya mtoto kupokewa nyumbani. Hakufa kutokana na mtoto. Kumbe, kwa neno moja lililowekwa mahali pasipo pake, mtoto hufukuzwa akalala sokoni. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya ulinzi wa mtoto, humwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi.

Zoezi. Wekeni «baada ya» au «kutokana na», na kila mmoja amweleze katekista sababu ya jibu lake:

Shangazi alipata malaria … kuumwa na mbu.
Mvua ilinyesha … Misa.
Mjomba alipoteza kazi … kumpokea yatima.