Kusimamia Nyumba za Watu Ubaruku: Hela Ipo, Ila Jua Unaingia Wapi

Kuna watu wananitumia ujumbe wakiuliza kama kusimamia nyumba na fremu za watu ni biashara ya kutegemea. Ni biashara, ndiyo. Ila siyo ile mnayoiona ya kupokea kodi na kukaa kivulini.

Kwanza tutofautishe. Dalali anakutafutia chumba, anachukua hela ya mwezi mmoja, mmeachana. Msimamizi anabaki. Choo kikijaa anapigiwa yeye, bati likiezuliwa na upepo anapigiwa yeye, wapangaji wakigombania umeme saa tano usiku anapigiwa yeye. Wengi ninaowasimamia hawaishi hapa Ubaruku. Walijenga kwa hela ya mpunga, wakahamia Mbeya mjini au Dar, sasa wanataka mtu wa kuwa macho yao.

Malipo? Mimi nachukua asilimia 10 ya kodi inayoingia. Tuseme una vyumba 20 vya shilingi 30,000. Kwa mwezi ni 600,000, yako wewe ni 60,000. Hiyo siyo hela ya kufungia duka lako. Anza nayo pembeni, huku genge au wakala wako unaendelea.

Sasa jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalioni: hapa kwetu kodi inafuata mpunga. Mpunga unavunwa zaidi kuanzia Mei mpaka Julai. Miezi hiyo mpangaji anakulipa huku anacheka. Ukimfuata Januari au Februari, hela yake yote iko majarubani, kwa vibarua wa kupandikiza na kwenye mbolea. Hata muuza nguo na mama lishe, ambao hawalimi, wanakosa wateja miezi hiyo. Kwa hiyo mkataba wa miezi sita unaoanza Julai unaishia ukame wa hela. Ndiyo maana nasema usipange mikataba kwa kalenda tu. Mtu akiingia Novemba, mpe miezi minane ili imalizikie Juni. Mwenye nyumba wa Dar atalalamika kwamba haelewi hiyo miezi minane ni ya wapi. Mwelekeze taratibu. Tangu nianze kupanga hivyo, kazi ya kugongea watu milango imepungua sana.

Ugumu mkubwa ni kwamba unasimama katikati. Kwa mpangaji wewe ndiye mwenye nyumba, kwa mwenye nyumba wewe ndiye mpangaji. Nitoe mfano. Kulikuwa na kijana mmoja mnunuzi wa mpunga, amepanga stoo, anasubiri bei ipande ndiyo auze. Kodi ikachelewa miezi miwili. Mwenye stoo akanipigia: "Nenda kaweke kufuli juu ya kufuli lake. Hatoi gunia mpaka anilipe."

Nilimjibu, mzee wangu, hiyo siwezi. Mle ndani hapakuwa na mpunga wa yule kijana peke yake. Kulikuwa na magunia ya wakulima waliomhifadhia, mengine ya kina mama wanaotegemea hayo hayo kwa ada za watoto. Nikifunga, nimewafungia watu ambao hawadaiwi hata senti. Na siku wakija na hasira, watanikuta mimi hapa, siyo yeye huko aliko. Halafu kisheria mgogoro wa pango unapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kushikilia mali ya mtu kwa kufuli lako bila amri yoyote ni kujiweka wewe kwenye kesi.

Nikamwita yule kijana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, tukaandikiana kwamba auze magunia yake ya kutosha deni ndani ya siku kumi. Siku ya tisa akalipa yote. Lakini mzee alikuwa ameshakasirika, stoo akampa mtu mwingine asimamie. Mpaka leo sijarudishiwa. Nikiambiwa tena nifunge, jibu ni lile lile.

Kingine ni LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni yule aliyenunua umeme. Na nyumba ikikaa tupu miezi mitatu bila mtu kununua, deni linajikusanya. Mpangaji mpya ananunua umeme wa 5,000 siku ya kwanza, 4,500 ya miezi ya nyuma inaondoka, bado na ya mwezi huo. Anakuja kwako anadhani umemuibia. Mimi kabla sijampa mtu funguo nanunua umeme kidogo kusafisha deni, namwandikia mwenye nyumba, napunguza kwenye kodi yake. Na kama mita ni moja vyumba sita, omba ruhusa ya kutenganisha kwa mita ndogo za ndani. Bila hivyo mwenye friji na mwenye taa moja hawatapatana, na utaamua wewe.

Kwenye fremu kuna ile asilimia 10 ya zuio. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa aikate kwenye pango na kuipeleka TRA. Fremu ya 60,000 kwa miezi sita ni 360,000, mwenye fremu anapokea 324,000 na uthibitisho wa ile 36,000. Usipomwambia mapema atasema umekula.

Raha ya kazi? Kuaminika. Mama mmoja alianza na fremu moja akiuza mchele kwa kilo, nikamtetea kwa mwenye nyumba asipandishiwe kodi ghafla katikati ya msimu. Leo ana fremu mbili na stoo, na kila anayetafuta chumba anamleta kwangu. Halafu unajua kabla ya wote fremu ipi inaachwa. Kwa mfanyabiashara hiyo ni habari yenye hela.

Kabla hujapokea funguo za mtu, andikianeni mambo haya: asilimia yako, siku ya kumtumia kodi, na kiasi cha matengenezo unachoruhusiwa kutoa bila kumpigia. Mimi naomba kisipungue 30,000. Choo kikifurika Jumapili na simu ya bosi haipatikani, fundi hakusubiri, na wapangaji ndiyo kabisa.